Kuskani mfumo wa nyota kwenye Elite Dangerous: honi, masafa na vichunguzi

Toleo la Desemba 2018 la Elite Dangerous, mchezo wa kompyuta wa kurusha vyombo vya anga, lilibadilisha kabisa kazi ya uvumbuzi, lakini bado naona marubani wengi wanacheza kama zamani: wanaingia kwenye mfumo, wanaona sayari kwa mbali, wanaifuata dakika kumi, kisha wanagundua ni bonge la barafu la krediti 500. Siku hizi huna haja ya kuifuata sayari ili uijue. Unaijua ukiwa umesimama palepale kwenye nyota, halafu ndipo unaamua kama safari ina maana.

Uskani una hatua tatu, na kila hatua inajibu swali lake. Honi, yaani mlio wa skana ya uvumbuzi, inakwambia mfumo una magimba mangapi. FSS, skana ya masafa ya mfumo mzima, inakwambia ni magimba ya aina gani. Vichunguzi vya DSS, skana ya uso wa sayari, vinakuchorea uso wa sayari moja moja. Muda mwingi hupotea pale mtu anapotaka hatua moja ijibu swali la nyingine.

Honi na FSS huja na chombo chochote. DSS unainunua kwa krediti 250,000 na inaingia hata kwenye nafasi ndogo kabisa ya ukubwa wa 1, kwa hiyo hakuna sababu ya kuondoka bila hiyo. Kingine cha lazima ni kichoteo cha mafuta, kinachojaza tangi kutoka kwenye nyota, kikubwa kadiri nafasi inavyoruhusu. Kwenye ramani ya galaksi weka kichujio cha nyota za aina K, G, B, F, O, A na M, kisha washa chaguo la kukitumia kwenye njia ya safari. Hizo saba ndizo zinazochoteka. Vibete kahawia (L, T, Y), nyota changa za T Tauri, vibete vyeupe na nyota nyutroni hazikupi mafuta. Ukijikuta katikati ya kundi la vibete kahawia na tangi limebaki na mruko mmoja, hesabu yako iliharibika miruko mitatu nyuma.

Ukitoka kwenye mruko, shusha mwendo hadi sifuri kwanza. Chombo kinatokea kikiitazama nyota, na anayesahau mwendo huishia kuingia eneo lililokatazwa lililo karibu mno na nyota. Hapo supakruzi, yaani mwendo wa kasi wa ndani ya mfumo, inakatika ghafla, chombo kinaumia, na joto linapanda wakati injini ya kuruka bado inapoa. Joto likipita asilimia 100 moduli zinaanza kuharibika. Kwenye kibete cheupe au nyota nyutroni hatari ni kubwa zaidi kwa sababu ya yale mawimbi mawili yanayotoka kwenye ncha zake. Ni kweli wimbi la nyutroni hukupa mruko wenye urefu mara nne ya kawaida, ila kila ukichaji injini inachakaa kidogo. Kwenye safari ndefu beba kifaa cha kutengeneza moduli.

Sasa honi. Hakikisha uko kwenye hali ya uchambuzi, si ya mapigano, na kwamba skana ya uvumbuzi imepangiwa kitufe kwenye kundi la silaha. Shikilia kitufe mpaka upau ujae na mlio usikike. Ukiachia mapema hakuna kilichofanyika. Mimi hupendelea kukishikilia huku nikiizunguka nyota nachota mafuta, ili kazi mbili ziende pamoja.

Honi ikishapigwa, fungua FSS. Inakubali ukiwa kwenye supakruzi na mwendo ukiwa wa chini kabisa. Ikikataa, karibu kila mara shida ni mwendo. Chini ya skrini kuna mstari wa masafa wenye vilima, na kila aina ya gimba ina sehemu yake kwenye mstari huo: mawe, barafu, metali nyingi, majitu ya gesi, dunia za maji, dunia zinazofanana na yetu. Unasogeza kielekezi hadi kwenye kilima kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya kuzungusha, kisha unageuza macho angani kuelekea alama zinazojitokeza, unaweka gimba katikati na kuvuta karibu. Masafa yakiwa sahihi, picha inatulia na gimba linasajiliwa, hata likiwa mbali kiasi gani. Masafa yakiwa nje kidogo, picha inavurugika na unarudishwa nyuma. Wengi wakishindwa hapa hulaumu mkono wao kwenye kulenga, kumbe kilichokosewa ni masafa. Nenda kwenye mipangilio upunguze kasi ya kielekezi cha masafa. Mabadiliko hayo madogo huokoa muda mwingi.

Miezi iliyo karibu na sayari yake mara nyingi husajiliwa kwa kuvuta karibu mara moja tu, kwa hiyo anza na makundi. Tumia na masikio pia. Kila aina ya gimba ina sauti yake, na ukizoea utajua umeshika dunia ya maji kabla maandishi hayajatokea. Kama magimba yamebanana kwenye mstari mmoja kwa sababu unayatazama kwa ubavu, panda juu ya bapa la mizunguko kwa sekunde chache, kisha ufungue FSS tena. Yatatawanyika.

Huhitaji kumaliza mfumo mzima. Angalia vilima kabla hujaanza kusogeza kitu: kama vyote vimerundikana upande wa barafu na mawe, endelea na safari. Vya kusimamia ni dunia zinazofanana na yetu, dunia za maji, dunia za amonia, na sayari zenye metali nyingi zilizoandikwa kwamba zinaweza kugeuzwa zikalike. Dunia inayofanana na yetu, ukiivumbua na kuipiga ramani wa kwanza, inalipa zaidi ya krediti milioni 3. Kabla ya kuifuata tazama umbali kwa sekunde-nuru. Ikiwa inazunguka nyota ya pili iliyo mbali, fikiria mara mbili, au tumia injini za SCO, zinazoongeza kasi ya supakruzi, zilizokuja mwaka 2024, ukikumbuka kwamba zinakunywa mafuta na kupasha chombo joto.

Kwenye DSS unarusha vichunguzi, na haviishi. Kila gimba lina lengo la idadi. Ukimaliza kwa idadi hiyo au pungufu unapata nyongeza ya asilimia 25. Ramani inakamilika ukifunika asilimia 90, kwa hiyo usihangaike na vipande vidogo vilivyobaki. Siri iko kwenye upande wa nyuma. Mvuto wa sayari unapinda njia ya kichunguzi, kwa hiyo unalenga nje ya ukingo na kukiacha kizunguke. Kwa lengo la vichunguzi sita, fikiria pande sita za boksi: kimoja katikati, vinne kuzunguka ukingo, cha mwisho mbali zaidi nje ili kitue nyuma kabisa. Ukiwa karibu mno sayari inajaza skrini na huwezi kufika nyuma. Ukiwa mbali mno vichunguzi vinachelewa kutua, nawe unarusha vya ziada kwa papara. Ukiiboresha skana kwa wahandisi wa ndani ya mchezo hadi daraja la 5, eneo la kila kichunguzi linaongezeka kwa asilimia 40. Kwangu hilo ndilo boresho la kwanza baada ya injini ya kuruka. Pete za sayari hupigwa ramani peke yake, kichunguzi kimoja kwa pete.

Jambo ambalo wengi hawalitumii ni jina la mfumo. Chukua Eol Prou RS-T d3-94, jina la asili la mfumo wa Colonia, ulio miaka-nuru 22,000 hivi kutoka kwetu. Eol Prou ni sekta. Herufi ndogo d inaeleza uzito wa mfumo, kwa mpangilio wa a hadi h kutoka mwepesi hadi mzito, na pia ukubwa wa mchemraba uliomo: a ni miaka-nuru 10 kwa upande, kila herufi inayofuata ni mara mbili, hivyo d ni 80 na h ni 1,280. Namba ya mwisho ni nafasi yake kwenye orodha ya mchemraba huo, kuanzia sifuri. Ukiona 94, ujue kuna angalau mifumo 95 ya d humo ndani. Mimi nikitafuta dunia zinazofanana na yetu naandika majina ya d kwenye kisanduku cha utafutaji, nikibadilisha namba moja moja. Mashimo meusi nayatafuta kwenye herufi nzito za mwisho.

FSS ikionyesha ishara za kibiolojia, vichunguzi ndivyo vitakavyokutajia jenasi na kupaka rangi maeneo zinapoweza kuota. Unashuka, unachukua sampuli tatu za spishi ileile zenye umbali uliowekwa kati yake. Kwa jenasi ya Stratum ni mita 500. Stratum Tectonicas hulipa krediti 19,010,800, na ukiwa wa kwanza kuisajili malipo yote yanafika mara tano ya hapo. Kwa hiyo mwezi wa mawe ambao kwenye ramani ni wa krediti mia tano unaweza kuwa ndio wenye faida kuliko yote kwenye mfumo. Soma idadi ya ishara kabla ya kuudharau.

Haya yote hayana thamani mpaka yauzwe. Chombo kikilipuka, data ambayo hujaiuza inapotea, na jina lako halionekani kwenye gimba mpaka ufikishe data kwa Universal Cartographics, huduma inayonunua data za uvumbuzi. Akitangulia mwingine kuuza, jina ni lake, hata kama wewe ulifika kwanza. Chombo kibebaji, yaani meli kubwa ya mchezaji mwingine unayoweza kutua juu yake, chenye huduma hiyo kinakata sehemu ya malipo, ila ukikikuta mbali na kituo na umebeba wiki kadhaa za data, uza. Sampuli za viumbe zinauzwa kwa Vista Genomics, ambayo ni huduma tofauti, kwa hiyo kagua kama kibebaji kinazo zote mbili kabla hujatua.