Mmewasha HTTP/3, Tovuti Bado Nzito

Wiki iliyopita simu iliita saa moja na nusu asubuhi, nikiwa kwenye bajaji natoka Nkuhungu, hapa Dodoma, kuelekea mjini. Alikuwa mama mmoja anayesimamia kitengo cha TEHAMA kwenye taasisi ambayo sitaitaja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii HTTP/3 tuliyowekewa mbona haifanyi kazi? Tovuti nzito vilevile, na mkubwa ameshauliza mara mbili."

Nikamwomba dakika ishirini nifike mezani. Si mimi niliyeiweka, ila hilo halikuwa na maana tena, maana maneno hayo ninayasikia kwa mara ya tano mwaka huu. HTTP/3 ni toleo jipya la itifaki, yaani kanuni ambazo kivinjari na seva hutumia kuzungumza. Ukiwasha itifaki mpya, tovuti inapata spidi: ndivyo watu wanavyoamini. Nimeikuta imani hiyo kwenye makundi ya WhatsApp ya mafundi, nimeikuta kwenye semina, na nimeikuta imeandikwa kwenye mahitaji ya mfumo kwamba "utumie HTTP/3 ili uwe na kasi". Nimechoka kuijibu kwenye simu, naiandika hapa.

HTTP/3 haiongezi upana wa njia. Bando ni lilelile, mnara ni uleule, nyaya za baharini zinazotua Dar es Salaam ni zilezile. Inachopunguza ni kusubiri, tena kusubiri kwa aina mbili tu: pale mwanzo kivinjari na seva vinaposalimiana, na pale pakiti, yaani kipande kidogo cha data, inapopotea njiani. Ukurasa ukichelewa kwa sababu nyingine, unaweza kubadilisha itifaki kila mwezi na mtu wa Kongwa ataendelea kutazama skrini nyeupe.

Nilipofika nilifungua tovuti ya mama kwenye kivinjari, nikabonyeza F12 inayofungua zana za mafundi, nikaangalia orodha ya mafaili. Baiti ya kwanza ya ukurasa ilifika baada ya sekunde 3.1. Chini yake kulikuwa na picha ya kikao, imetolewa kwenye kamera na kupandishwa kama ilivyo, megabaiti 6. Kwenye simu inayopata megabiti 4 kwa sekunde, picha hiyo peke yake ni sekunde 12. Safu ya itifaki ilisoma h3, yaani HTTP/3, kila mstari. HTTP/3 ilikuwa inafanya kazi yake vizuri kabisa.

Sasa tuweke hesabu mezani, kwa sababu watu wanabishana bila hesabu. Tuseme seva ipo Ulaya na pakiti inatumia milisekunde 180 kwenda na kurudi kutoka Dodoma. TCP, itifaki inayosafirisha pakiti kwa mfuatano, inasalimia kwanza: safari moja. Kisha TLS, inayofunga mawasiliano yasisomwe na wengine, inaanza salamu zake upya: safari mbili kwa TLS 1.2, moja kwa TLS 1.3. Ndipo ombi lenyewe linakwenda na jibu linarudi: safari moja tena. Kwa TLS 1.2 jumla ni safari nne, milisekunde 720. Kwa TLS 1.3 ni tatu, milisekunde 540. QUIC, ambayo HTTP/3 inapanda juu yake, imeunganisha salamu zote mbili kuwa moja, kwa hiyo ni safari mbili, milisekunde 360.

Angalia vizuri hapo. Kutoka TLS 1.2 kwenda 1.3 umeokoa milisekunde 180, na kutoka hapo kwenda HTTP/3 umeokoa nyingine 180. TLS 1.3 ipo tangu Agosti 2018 na kwenye seva nyingi ni neno moja kwenye usanidi. Na ukiihamisha seva kutoka Ulaya kuileta Dar es Salaam, umbali wa kilomita kama 450 kutoka hapa, mwanga kwenye nyuzi unahitaji milisekunde 5 hivi kwenda na kurudi. Vifaa vya njiani vitaongeza zao, lakini kila salamu, ya itifaki yoyote, inakuwa nafuu. Mtu anayeacha seva ng'ambo kisha anahangaika na HTTP/3 kwa watumiaji wa Tanzania ameanza kazi na chombo kidogo kuliko vyote.

Aina ya pili ya kusubiri ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu inaelezwa vibaya hata na watu wenye vyeti. Wanasema HTTP/2, toleo lililotangulia HTTP/3, iliondoa foleni. Iliondoa foleni moja, ikaacha nyingine ambayo kwenye mtandao wetu wa simu ndiyo inayouma.

Chukua mfano wa mizigo ya basi. Vifurushi 40 vinatoka Dar kuja stendi ya Nzuguni, vya wenye maduka tofauti, vimeandikwa namba 1 hadi 40. Namba 17 kimebaki njiani. Wakala wa TCP ana sheria moja: hatoi mzigo nje ya mfuatano. Ametoa hadi 16, na kuanzia 18 vyote viko miguuni pake, wenyewe wamesimama mbele yake, wanaviona, lakini hatoi hata kimoja mpaka 17 kiletwe na basi linalofuata. Hiyo ndiyo HTTP/2 pakiti moja inapopotea. Faili la mtindo limefika, fonti imefika, hati imefika, na kivinjari hakipewi chochote kwa sababu kipande cha picha fulani kimepotea. TCP haijui kwamba mizigo ni ya watu tofauti. Kwake yote ni mzigo mmoja mrefu.

HTTP/1.1, toleo la kabla ya HTTP/2, ilikuwa na dawa yake ya kienyeji: kivinjari kilifungua miunganisho sita kwa kila seva, yaani mawakala sita. Mmoja akikwama, watano wanaendelea. Ndiyo maana kwenye laini inayopoteza pakiti nyingi, HTTP/2 yenye muunganisho mmoja inaweza kuwa nzito kuliko ile ya zamani. Nimeliona hilo kwa macho yangu kwenye modemu ya simu, na nilipolisema kwenye kikao nilitazamwa kama mtu anayekataa maendeleo. Halina ubishi, wala halihitaji imani. Poteza pakiti mbili kati ya mia kwa makusudi kwa kutumia tc netem, zana ya kuiga mtandao mbovu kwenye Linux, upime mwenyewe.

QUIC inamfundisha wakala kusoma majina. Kila mtu anachukua mzigo wake ulipofika, na anayesubiri ni mwenye namba 17 peke yake. Hilo ndilo jambo kubwa la HTTP/3, na ndilo linaloifanya ifae kwa mtu aliye na nusu ya mtandao huko Mpwapwa kuliko mtu aliye kwenye faiba Mtumba. Anayepima HTTP/3 akiwa ofisini kwenye faiba isiyopoteza pakiti, kisha akatangaza kwamba haina faida, amepima mahali ambapo ugonjwa haupo.

Upande wa seva nitapita haraka. nginx, programu ya seva ya tovuti, ina HTTP/3 kuanzia toleo 1.25.0 la Mei 2023. Ile inayokuja na Ubuntu 22.04 ni 1.18, ya 24.04 ni 1.24, kwa hiyo zote mbili hazina. Chukua kwenye hazina ya nginx wenyewe. Caddy, programu nyingine ya aina hiyo, inaiwasha yenyewe bila kuambiwa. Apache haina, weka mojawapo ya hizo mbele yake. Kwenye nginx mistari ni hii:

listen 443 ssl;
listen 443 quic reuseport;
http2 on;
add_header Alt-Svc 'h3=":443"; ma=86400' always;

Halafu fungua poti 443 ya UDP. Narudia, ya UDP. QUIC haipiti kwenye TCP. Nusu ya seva ninazoitiwa zina usanidi safi kabisa na ukuta wa moto umefungua TCP peke yake. Na kama seva ipo kwenye wingu, kuna ukuta wa pili kwenye paneli ya mwenye wingu, huo nao unataka kuambiwa. Hakuna kosa litakaloonekana: kivinjari kinajaribu, kinanyimwa, kinarudi HTTP/2 kimyakimya, na ripoti inaandikwa kwamba mradi umekamilika. Thibitisha kwa curl, zana ya kuita seva kwa amri: andika curl --http3-only, maana hiyo hairudi nyuma. Ama inapita ama inakwama. Kama curl yako haikujengwa na HTTP/3, curl -V itakuonyesha.

Kuna jambo jingine ambalo huwa naambiwa ni dogo, nami nasema si dogo. Mgeni anayekuja kwa mara ya kwanza kwa kawaida hatumii HTTP/3. Anaingia kwa TCP, anapata HTTP/2, na kwenye jibu anakuta ule mstari wa Alt-Svc unaomwambia kwamba h3 ipo. Kivinjari kinakumbuka kwa muda uliotajwa na ma, hapo juu ni sekunde 86,400, yaani siku moja. Sasa fikiria tovuti ya kuangalia matokeo au ya kujaza fomu. Mwananchi anakuja mara moja, anasoma, anaondoka, anarudi baada ya mwaka. Safari zile za salamu ulizotaka kumwokolea amezilipa zote. Dawa ipo: rekodi ya DNS (daftari la majina ya vikoa) ya aina ya HTTPS, iliyotoka kama waraka wa viwango RFC 9460 Novemba 2023, inayomwambia kivinjari habari za h3 kabla hajabisha hodi. Lakini paneli nyingi za vikoa ninazopewa hazina hata mahali pa kuiandika. Angalau ongeza ma iwe siku 30. Siku moja ni ya majaribio.

Upande wa programu zinazoita seva ndiko kwenye fedha iliyoangushwa chini, na hakuna anayeinama kuiokota. Kijana mmoja, fundi mzuri tu, alinionyesha hati yake ya Python inayovuta kumbukumbu 2,000 kila usiku kutoka seva ya ng'ambo, ombi moja kwa kila kumbukumbu. Akaniuliza, "Kaka, nikihamia HTTP/3 itapungua?" Maktaba ya requests aliyokuwa anatumia inaongea HTTP/1.1 tu, na alikuwa anaita requests.get ndani ya kitanzi. Kila ombi lilikuwa linafungua muunganisho mpya: salamu ya TCP, salamu ya TLS, milisekunde 360, kisha anafunga na kuanza tena. Mara 2,000, hizo ni sekunde 720. Dakika 12 za kusalimiana kila usiku. Tukaandika s = requests.Session() juu ya kitanzi, na ndani s.get. Muunganisho ukabaki wazi, salamu ikawa moja. Itifaki ni ileile ya mwaka 1997.

Mashaka yangu nayaweka wazi. La kwanza ni ile hali ya kurudi bila salamu kabisa, 0-RTT, ambapo ombi linapanda na pakiti ya kwanza. Ni tamu, lakini pakiti hiyo mtu akiinasa anaweza kuirudia kama ilivyo, na seva ikaiona ni halali. Kwa kusoma habari sawa. Kwa fomu ya malipo siiwashi, hata nikiambiwa programu inajilinda, kwa sababu sijaona timu iliyokaa ikakagua kila ombi ikasema hili likirudiwa haliharibu na hili linaharibu.

La pili ni ahadi ya kuhama. QUIC inatambua muunganisho kwa kitambulisho chake badala ya anwani ya IP, kwa hiyo ukitoka kwenye WiFi ukaingia kwenye data ya simu, upakuaji uendelee. Ukweli ni kwamba nginx yenye wafanyakazi (michakato) kadhaa inahitaji mpangilio wa quic_bpf uwashwe ili pakiti zimfikie mfanyakazi yuleyule, kisawazisha mzigo, kinachogawa maombi kati ya seva, kikiwa mbele nacho kielewe hicho kitambulisho, na kivinjari nacho kikubali kuhama. Nimelijaribu kwenye treni ya SGR kutoka Dar, simu mkononi, napakua faili moja. Mahali mtandao ulipokuwa hafifu h3 ilinishikilia vizuri kuliko HTTP/2, na hilo lilinifurahisha sana. Kwenye mahandaki ya upande wa Kilosa zote zilikata. Safari tatu za mtu mmoja hazitoshi kuandika kwenye zabuni.

La tatu ni prosesa. Kazi ambayo TCP inafanyiwa na kerneli, kiini cha mfumo endeshi, QUIC mara nyingi inafanyiwa nje yake, pakiti kwa pakiti. Kwenye VPS, yaani seva ya kukodi, ya kori moja yenye watu wengi nimewahi kuizima na mfumo ukapumua. Niliiwasha tena baada ya kuongeza kori.

Tovuti ya mama tuliimaliza mchana uleule. Picha ikawa kilobaiti 180. Zile sekunde 3.1 zilikuwa ni swali moja la hifadhidata linalopitia jedwali zima la matangazo kila ukurasa unapofunguliwa. Tukaweka faharasa kwenye safu ya tarehe, baiti ya kwanza ikashuka hadi milisekunde 400. HTTP/3 tukaiacha imewashwa, ma tukaipandisha hadi 2592000. Mama akachukua simu yake ya kawaida, akazima WiFi ya ofisi, akatoka nje hadi chini ya mti kwenye maegesho ambako mtandao huwa unasuasua, akafungua ukurasa akiwa amesimama pale.