Maana ya neno «sprout» na matumizi yake

Ukitafuta neno la Kiingereza «sprout» kwenye kamusi ndogo utapewa neno moja tu: chipukizi. Si kosa, ila ni nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo inayowakwamisha wanafunzi na wafasiri.

Kwanza ni kitenzi. Mbegu inapopasuka na kutoa kimea, kisiki kilichokatwa kinapotoa matawi mapya, kiazi kilichosahauliwa kabatini kinapotoa vidole vyeupe, Kiingereza hutumia neno hilohilo kwa yote. Sisi huyatenganisha. Mbegu huota au humea. Kisiki, au mti uliopukutisha majani, huchipua. Mtu akisema mbegu zake zimechipua ataeleweka, lakini akisema kisiki kimemea, msikilizaji atasita kidogo. Kwa hiyo mfasiri akikutana na «sprout», aulize kwanza: kinachoota ni nini, mbegu au shina lililokuwapo tangu awali?

Kiingereza nacho kina kitenzi kingine, «germinate», lakini hicho ni cha mbegu hasa. Kiazi mviringo tunachokila ni sehemu ya shina iliyovimba chini ya ardhi, wala si mbegu, na yale macho yake ni vichipukizi vilivyolala vikingoja wakati wao. Ndiyo maana kiazi hu-«sprout», hakiwezi ku-«germinate».

Kama nomino, «sprout» ni kile kimea chenyewe kikiwa bado kichanga. Loweka choroko usiku mmoja, mwaga maji, zifunike kwa kitambaa kibichi, kisha uzisuuze asubuhi na jioni. Haitachukua muda mrefu ganda la kijani litachanika ubavuni na kuchomoza kincha cheupe, kimejikunja kama mkia wa kiluwiluwi. Wengi hudhani hilo ni shina. Ni mzizi. Mbegu hushusha mzizi kwanza ili ipate maji na kushika mahali, ndipo shina na majani yafuate. Choroko hizo zikifika mezani, Kiingereza huziita kwa wingi, «sprouts», na neno hilo linabeba mmea wote: mzizi, shina na vijani viwili vilivyoanza kufunguka. Neno «shoot» ni jembamba zaidi, kwani ni shina changa na majani yake, sehemu inayoelekea juu, bila mzizi.

Jihadhari na «Brussels sprouts». Hizo ni kabeji ndogondogo, kila moja ukubwa wa kokwa la jozi («walnut») hivi, zilizojipanga kwenye shina moja refu, kila moja katika kwapa la jani. Mtu wa botania angeziita matumba, lakini jina limeshazoeleka. Ukitafsiri «machipukizi ya Brussels» hakuna atakayejua unazungumzia mboga gani. Andika kabeji ndogo za Brussels.

Nje ya shamba neno hili hutembea vizuri sana katika lugha zote mbili. Kijana hu-«sprout» ndevu, nasi tunasema ndevu zimemwota. Majengo hu-«sprout» pembezoni mwa mji, nasi tunasema yanaota kama uyoga. Mtoto aliyerefuka ghafla likizo moja tu huambiwa ame-«sprout up». Hapo Kiswahili hakihitaji mmea, tunasema amerefuka na yanatosha. Lakini kumbuka kuwa kuota kwetu kuna ndugu wa sauti: kuota ndoto na kuota moto. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohusiana na «sprout», na programu za kutafsiri hujikwaa hapo mara kwa mara.

Kosa ninalokutana nalo zaidi huja kutoka upande wa pili. Kwetu msanii anayeanza ni msanii chipukizi, na mwandishi anayeanza ni mwandishi chipukizi. Mtu akiyapeleka hayo kwa Kiingereza huona «sprout» ndiyo inayofaa, kumbe siyo. Kiingereza humwita msanii huyo «budding», kutokana na «bud», yaani tumba, ua au jani ambalo bado limejifunga. Picha ni tofauti. Sisi tunamwona ameshatoka ardhini na anaonekana. Wao wanamwona bado amefumba, anakaribia kufunguka. Ukiandika «sprout artist» katika wasifu wa mtu, msomaji atadhani anachora mboga.

Tukibaki shambani, kuna jozi moja zaidi inayochanganya. Mche uliotokana na mbegu ni «seedling». Chipukizi linalotoka ubavuni mwa mgomba, lile unalong'oa na kulipanda kwingine, ni «sucker». Yote mawili yalianza kwa ku-«sprout», ila yakishasimama kila moja lina jina lake, na mkulima anayeagiza miche kwa Kiingereza asipotaja lililo sahihi anaweza kuletewa kitu kingine kabisa.