Lipu Imebanduka, Sasa Tufanyeje?

Mtaa wa India hapa Bagamoyo, nyumba ya kale ikipigwa lipu ya saruji na lipu ikabanduka, kila mpita njia ni mkaguzi. "Nyumba wameiua!" "Mafundi wa siku hizi ovyo." Mimi kazi yangu ni kutunza majengo ya kale, na nakubali kwamba mengi yanayosemwa ni kweli. Lakini mwenye nyumba akishayasikia yote, ukuta wake uko vilevile.

Nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene karibu nusu mita. Chokaa ndiyo iliyojenga msikiti wa Kaole, ambao sasa ni magofu jirani na Bagamoyo, karne nyingi kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kufika pwani hii. Maji hupanda kutoka ardhini yakiwa na chumvi. Chokaa huyapisha yakatoka, saruji huyafungia ndani. Chumvi inaganda nyuma ya lipu, inaisukuma, na baada ya misimu michache ya masika lipu inaachia. Gonga kwa kifundo cha kidole, usawa wa goti, utasikia inalia kama debe tupu. Ibandue, utakuta unga mweupe na jiwe linalopukutika.

Hayo wenzangu wa fani wanayajua na wanapenda kuyasema. Wachache hujiuliza kwa nini fundi alichukua saruji. Iko kila duka la vifaa, inashika kesho yake, na ndiyo aliyofundishwa. Lawama isiyogusa hata moja kati ya hayo ni kelele tu (na sisi wataalamu tuna kelele nzuri sana, zenye picha).

Bibi mmoja mwenye nyumba aliniambia waziwazi: "Mwanangu, wa kuniambia nimekosea wako wengi. Hiyo chokaa naipata wapi, na nani ataipiga?" Fundi wake alikuwa pembeni, kakunja uso, anangoja kusutwa. Nikamwuliza kwanza aliuloweshaje ukuta, maana kona moja lipu ilikuwa imeshika vizuri. Akaeleza, tena kwa kirefu. Tukachagua kipande cha ukuta wa uani, mita moja kwa mita moja, tukakifanya pamoja.

Chokaa nilikuja nayo, imezimwa wiki kadhaa kabla. Kuizima kuna hatari: mawe yaliyochomwa hutiwa majini kidogo kidogo, maji yanachemka, na tone moja laweza kuharibu jicho. Tulichanganya sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga wa mtoni, kwa kuwa wa ufukweni una chumvi na ungerudisha ugonjwa uleule. Tukaisugua chumvi kwa brashi kavu, tukanyunyiza maji, tukapiga lipu nyembamba ya sentimita moja, kisha tukatundika magunia mabichi. Chokaa huwa ngumu kwa kuvuta kabonidioksidi ya hewani polepole. Jua likiiwahi, inabaki unga.

Fundi akalalamika kwamba inachelewesha kazi. Ana haki, na siku hizo za ziada mwenye nyumba aambiwe bei yake mapema, si katikati ya kazi.

Kwa hiyo ukiona nyumba inaharibiwa, mpelekee mwenye nyumba jina la mtu anayechoma chokaa, au ndoo moja iliyokwisha kuzimwa. Mwanzie uani, asikoonekana na wakaguzi wa barazani. Na msianze Aprili: mvua za masika zitaiosha lipu kabla haijashika.