Kukata kona si kupita njia ya mkato

Mara ya tatu mwezi huu. Nimekaa kwenye kibanda cha gemu huku Chikongola, Mtwara, nasubiri zamu yangu, kijana mmoja anamaliza mzunguko kwenye gemu ya mbio za vyombo vinavyoelea, akiwa amekiacha mbali kivuli cha rekodi yake mwenyewe, yaani ile picha ya chombo inayorudia mbio zake bora za awali. Dogo pembeni yangu anapiga kelele: "Huyo kapita njia ya mkato!" Hakupita. Njia ni ileile, wote wanaelea juu yake, nayo imezungushiwa kuta kila upande. Mwenye kibanda naye akaitikia, "Mkato huo, mkato." Hapo ndipo nikaona bora niandike.

Maana yenyewe ni fupi. Katika gemu za mbio za vyombo visivyo na magurudumu, kukata kona ni kuipita kona kwa namna itakayokutoa ukiwa na kasi kubwa iwezekanavyo. Njia ya mkato ni kuacha sehemu ya njia bila kuipita. Moja ni ufundi, nyingine ni kuruka.

Fujo nadhani inaanzia kwenye neno kata, maana tumelibebesha mizigo mingi. Tunakata tiketi, tunakata rufaa, tunakata shauri, tunakata kiu, na hakuna kisu popote. Abiria wa bajaji akisema "kata kushoto hapo mbele" hamtumi dereva apite uani kwa watu, anamwambia ageuze tu. Kukata kona ni Kiswahili cha barabarani, na hakina hila ndani yake. Mkato ndio wenye hila: kile kinjia cha nyuma ya nyumba, cha kutokea sokoni bila kuzunguka. Ila kuna mkato mwingine tuliofundishwa darasani, ile alama ndogo inayomwambia msomaji avute pumzi kidogo kisha aendelee. Kama ni lazima mkato uingie kwenye gemu hizi, mimi ningeuchagua huo, kwa sababu kona nzuri huanza na pumzi ndogo.

Chukua WipEout, gemu iliyotolewa na kampuni ya Psygnosis ya Liverpool mwaka 1995 kwa ajili ya PlayStation ya kwanza. Chombo kina breki mbili za hewa, ya kushoto na ya kulia, kwenye vitufe vya mabegani mwa pedi. Ukibonyeza moja, chombo kinavutwa upande huo. Ukibonyeza zote mbili, unapunguza mwendo. Wengi wanaoanza huziogopa, wanageuza kwa usukani peke yake, wanashangaa ukuta umetoka wapi. Chombo kinachoelea hakina tairi za kung'ata lami. Pua inageuka, kiwiliwili bado kinateleza kule kilikokuwa kikienda. Aliyewahi kushika usukani wa mashua pale Mikindani hahitaji maelezo zaidi: unageuza mapema, kabla chombo hakijafika unapotaka kigeukie.

Sasa dogo wetu anaamini kwamba siri ni kubana upande wa ndani tangu mwanzo wa kona mpaka mwisho, kwa kuwa ndiyo njia fupi. Tupige hesabu. Chukua kona ambayo kubana ndani kunakupunguzia mita 20. Kwa mwendo wa kilomita 400 kwa saa, mita 20 ni kama sehemu 18 za mia za sekunde. Lakini kubana huko kumekunyima kasi: unatoka na 400 wakati mwenzako, aliyeingia akitokea upande wa nje, akagusa ndani katikati ya kona, akaachia tena kwenda nje, ametoka na 450. Mbele yenu kuna kilomita moja iliyonyooka. Mkiubeba mwendo huo hadi mwisho, wewe utatumia sekunde 9, yeye 8. Yaani umeokota sehemu 18 za mia, ukadondosha sekunde nzima. Nahodha anayekwenda kinyume cha upepo hupiga bisho, anapinda huku na huku, na hakuna anayemwambia kapotea njia.

Halafu kuna mambo yanayofanana na wizi ila si wizi. Kuanzia WipEout Pure ya mwaka 2005, chombo kikiwa hewani unaweza kubonyeza kushoto, kulia, kushoto, upesi, kikabiringika mara moja, na kikitua kinapata msukumo. Msukumo huo unaulipia: kinga ya chombo inapungua. Ukikibiringisha kwa uroho kila penye mruko, utalipuka kabla ya kumaliza. Katika F-Zero GX, gemu nyingine ya aina hii ya mwaka 2003, wapo wanaopinda kama nyoka hata kwenye njia iliyonyooka, kwa sababu kuteleza kushoto na kulia kwa mfululizo huongeza kasi. Kwa macho ni ujinga, kwenye saa ni dhahabu. Hata huyo hajaacha kipande chochote cha njia. Tena ameirefusha.

Wanaoruka kipande cha njia wapo pia, sikatai. Kuna wanaojirusha kutoka kwenye mruko, wakapaa juu ya kona nzima na kutua mbele yake. Huo ndio mkato, na kila mchezo una msimamo wake juu yake.

Nilimweleza dogo haya yote, pengine kwa urefu kuliko alivyotaka, maana zamu yake ilikuwa imefika. Akashika pedi, akabana ndani, akagonga ukuta. "Sasa anko, yule wa mwanzo niseme kafanya nini?" Sema kaikata kona, mwanangu. Na siku ukiona mtu amepaa juu ya ukuta akatua upande wa pili, piga kelele ya mkato kwa nguvu zako zote, nami nitakuitikia.