"Toleo Hilo Limekwisha Pigwa Picha": Kwa Nini Nakala Moja Haitoshi

Kila mpango wa udijitishaji wa vitabu adimu unapofikishwa mbele ya watu wa bajeti, swali huwa lile lile, na wiki hii limenijia tena kwa barua: toleo hilo la mwaka 1543 la kitabu cha Copernicus limekwisha wekwa mtandaoni na maktaba nyingine, sasa nyinyi mnaipiga picha nakala yenu kwa faida gani? Anayeuliza ana nia njema, kwa kuwa hataki fedha za umma zipotee. Hata hivyo, swali lake limesimama juu ya dhana kwamba nakala zote za toleo moja zinafanana, na kwa vitabu vilivyochapwa Ulaya kabla ya karne ya 19 dhana hiyo si ya kweli. Nimeijibu mara nyingi kwa sentensi mbili na haijasaidia, kwa hiyo leo ninaijibu kwa kirefu.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kulielewa jambo hili upesi. Miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu, ambayo sehemu yake imehifadhiwa katika chuo cha SOAS mjini London, husomwa kwa kulinganishwa, kwa sababu beti huongezeka, hupungua na hupangwa upya kutoka kwa mnakili mmoja hadi mwingine. Sijawahi kumsikia mtafiti akisema kwamba mswada mmoja ukishapigwa picha mingine ifungiwe kabatini. Tatizo huanza pale watu wanapodhani kwamba mashine ya kupiga chapa ilikomesha tofauti hizo.

Katika enzi ya mashine za mkono, msahihishaji alisoma karatasi za mwanzo huku kazi ikiendelea. Alipoona kosa, mashine ilisimamishwa, herufi zikabadilishwa, na kazi ikaendelea. Lakini karatasi zilizokwisha chapwa hazikutupwa, kwa kuwa karatasi ilikuwa ghali. Zenye kosa na zilizosahihishwa zilichanganywa, kisha zikajalidiwa pamoja bila mpangilio wowote. Mtafiti Charlton Hinman alilinganisha makumi ya nakala za mkusanyo wa tamthilia za Shakespeare wa mwaka 1623, ukurasa kwa ukurasa, kwa mashine ya taa na vioo aliyoibuni mwenyewe, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 1963 yalionyesha mamia ya masahihisho ya namna hiyo yakiwa yametawanyika katika nakala mbalimbali. Mengi ni ya nukta na herufi, lakini mengine yanagusa maneno ya mshairi. Biblia ya Gutenberg ya karne ya 15 nayo ilipokuwa katikati ya uchapaji idadi ya nakala iliongezwa, ikabidi kurasa za mwanzo zipangwe upya. Ndiyo maana zipo nakala zenye mistari 40 katika kurasa ambazo katika nakala nyingine zina mistari 42.

Hiyo ni chapa peke yake, kabla msomaji hajashika kalamu. Turudi kwenye toleo la 1543 lililotajwa katika barua, yaani kitabu cha mwanafalaki Copernicus kinachosema kwamba dunia hulizunguka jua, kilichochapwa Nuremberg. Mwanahistoria wa falaki Owen Gingerich alitumia miongo kadhaa kuzikagua karibu nakala 600 za toleo hilo na la pili lililochapwa Basel mwaka 1566, na katika pambizo zake akakuta maelezo ya wanafalaki yaliyonakiliwa na wanafunzi wao kutoka kitabu hadi kitabu, kiasi kwamba aliweza kufuatilia nani alimfundisha nani. Mwaka 1620 Kanisa mjini Roma lilitoa orodha ya sentensi za kurekebishwa: nakala nyingi zilizokuwa Italia zilikatwa kwa wino kama ilivyoamriwa, ilhali zilizokuwa kwingineko kwa sehemu kubwa hazikuguswa. Mtu aliyeona nakala moja safi kwenye skrini hana njia ya kujua habari hizo. Picha yake ni nzuri na ni ya kweli, lakini ni ya nakala hiyo moja tu.

Kwa michoro iliyochapwa kwa bamba la shaba hali ni nzito zaidi, na hapa ndipo uvumilivu wangu hufika ukingoni. Chukua Misalaba Mitatu ya mchoraji wa Kiholanzi Rembrandt, ya mwaka 1653. Aliichora kwa kuikwaruza shaba moja kwa moja kwa sindano, na sindano inapopita huinua ukingo mwembamba wa shaba kando ya mstari. Ukingo huo hushika wino na kutoa weusi laini kama mahameli. Ni dhaifu mno. Kila bamba linapopitishwa kwenye mashine ukingo huo unabonyea kidogo, kwa hiyo chapa za mwanzo zina weusi ambao chapa za baadaye hazina. Zaidi ya hapo, Rembrandt aliacha utando wa wino juu ya bamba na kuupangusa kwa namna tofauti kila mara, akachapa nyingine kwenye ngozi na nyingine kwenye karatasi, kisha baada ya miaka kadhaa akakwangua sehemu kubwa ya bamba, akaondoa watu, akaweka wengine, na kulifunika tukio lote kwa giza. Kumwambia mtafiti wa kazi hii kwamba atosheke na picha moja ni kumnyima kitu chenyewe alichokuja kukitafuta.

Kuhusu vipimo sitakawia. Kwa michoro ya aina hii pikseli 600 kwa inchi ni kiwango cha kawaida, kadi ya rangi huwekwa kando ya kila kitu, na miongozo ya Kiholanzi ya Metamorfoze au kiwango cha kimataifa cha ISO 19264 hukuambia ni kosa gani la rangi linavumilika. Ninachosisitiza ni kile kinachokatwa. Bado napokea faili ambazo pambizo zimepunguzwa hadi kwenye mstari wa mchoro, upande wa nyuma haukupigwa, na kurasa tupu zimerukwa eti hazina kitu. Upande wa nyuma una mihuri ya waliomiliki, ukurasa mtupu una alama ya maji ya mtengenezaji wa karatasi, na alama hiyo ndiyo huwasaidia wataalamu kukadiria ni mwaka gani chapa ilitoka. Taa iwekwe pia nyuma ya karatasi ili alama hiyo ionekane, hata kwa kurasa chache tu.

Wingi wa nakala una kazi nyingine isiyotajwa na wenye bajeti. Nakala moja ya kitabu ambacho Galileo alikichapisha mwaka 1610 kuhusu alichokiona kwa darubini iliibuka ikiwa na michoro ya mwezi ya rangi ya maji, na wataalamu wenye sifa wakaithibitisha kuwa halisi. Mwaka 2012 ilibainika kuwa ni ya kughushi, baada ya mwanahistoria Nick Wilding kuilinganisha na nyingine. Miongoni mwa mambo yaliyomshtua ni muhuri wa maktaba usiofanana na ule ulio katika vitabu halali vya mmiliki huyo huyo. Pasipo nakala za kulinganisha, hakuna pa kuanzia.

Yapo nisiyoweza kuyatetea kwa sauti kubwa. Ninapoweka kando kwa kando picha mbili za chapa moja zilizotoka katika makumbusho mawili, na moja ni nyeusi zaidi, mara nyingi siwezi kusema kwa yakini kama tofauti ni ya wino wa Rembrandt au ya taa za studio, hata pale ambapo pande zote mbili zinadai kufuata kiwango kile kile. Karatasi nayo hunywea na kutanuka kwa unyevu, hivyo vipimo vya milimita vinadanganya. Tena kila kitabu kinachofunguliwa chini ya kamera huumia kidogo kwenye uti wake, na faili zake zitahitaji kutunzwa na kulipiwa miaka yote. Hatuwezi kupiga kila nakala iliyopo Ulaya. Mimi huanza na zenye maandishi ya mkono, zenye jalada la asili na zinazojulikana zilikopitia, lakini uamuzi huo unazitupa nyuma nakala za kawaida, na mara nyingi hatujui kwamba nakala si ya kawaida mpaka tumeifungua.

Aliyeniandikia barua, na yeyote anayenukuu kitabu cha kale kutoka mtandaoni, aandike jina la maktaba na namba ya rafu pamoja na mwaka wa toleo. Namba hiyo huwa kwenye ukurasa wa maelezo ya picha, na bila hiyo mimi siwezi kumwambia kama anachokiona kimo pia katika nakala iliyo mezani kwangu.