Ng'ombe, gari na kanuni ya tatu ya Newton

Kuna swali ambalo mwanafunzi anayefikiri lazima atalifikia: ikiwa ng'ombe anaivuta gari, na gari nayo inamvuta ng'ombe kinyume kwa kani (nguvu ya kuvuta au kusukuma) ile ile, inakwendaje? Kani mbili zilizo sawa na zinazopingana si hufutana?

Hufutana pale tu zinapokuwa juu ya kitu kimoja. Hapa ziko juu ya vitu viwili: moja inaishika gari, nyengine inamshika ng'ombe. Lawama naitupia sentensi tunayokaririsha skuli, kwamba kila tendo lina tendo rejea lililo sawa na kinyume. Haisemi nani anamsukuma nani. Afadhali tuseme: A ikiisukuma B, wakati huo huo B nayo huisukuma A, kwa kani sawa, upande wa pili.

Kanuni mbili za mwanzo ni nyepesi zaidi. Ya kwanza: kitu hubaki kimetulia, au huendelea kwa kasi ile ile katika mstari ulionyooka, mpaka kani isiyofutwa na nyengine ikibadilishe. Ya pili: kani inayobaki baada ya kutoa zinazopinga ni sawa na tungamo (kilo za kitu) mara mchapuko, yaani kasi inayoongezeka kila sekunde. Isaac Newton alizichapa zote tatu mwaka 1687.

Sasa tupige hesabu. Gari ya ng'ombe pale Paje imepakia magunia ya mwani, jumla kilo 600 pamoja na gari yenyewe. Ng'ombe ana kilo 300. Tuseme anavuta kwa nyutoni 450 (nyutoni ni kipimo cha kani), na magurudumu na njia vinapinga kwa nyutoni 300. Itazame gari peke yake: zinabaki nyutoni 150. Gawa kwa 600, unapata mchapuko wa mita 0.25 kwa sekunde, kila sekunde. Baada ya sekunde 4 gari inakwenda mita 1 kwa sekunde. Ikishafika kasi hiyo, nyutoni 300 zinatosha kuiendesha vivyo hivyo. Ng'ombe bado anavuta, lakini kasi haizidi, kwa sababu kani inayobaki ni sifuri.

Kisha mtazame ng'ombe peke yake, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Gari inamvuta nyuma kwa nyutoni 450. Nini kinampeleka mbele? Ardhi. Kwato zinaisukuma ardhi nyuma, ardhi inamsukuma yeye mbele. Wakati wa kuondoka ardhi inabidi itoe nyutoni 525: 450 za kushindana na gari, na 75 za kuuongezea kasi mwili wake (300 mara 0.25).

Mvua ikinyesha, udongo ukiteleza, pengine msuguano wa kwato hauwezi kupita nyutoni 400. Toa 300 za magurudumu, zinabaki 100 za kuchapua kilo 900, ng'ombe na gari pamoja. Mchapuko unashuka hadi 0.11, na kuifikia ile mita 1 kwa sekunde kunachukua sekunde 9. Msuguano wa kwato ukiwa chini ya 300, gari haiondoki. Kumpiga ng'ombe bakora hakuongezi hata nyutoni moja ya msuguano. Kwato zitateleza tu, na mnyama ataumia bure. Kinachosaidia ni kushusha magunia, maana tungamo na upinzani wa magurudumu hupungua kwa pamoja. Kwenye mchanga laini wa pwani, ambako magurudumu yanazama, tandika mbao.

Tahadhari moja ya mtihani. Gunia limelala kwenye gari: uzito wake unaelekea chini, ubao unalisukuma juu, na kani hizo ni sawa. Hiyo si jozi ya kanuni ya tatu, kwani zote mbili ziko juu ya gunia. Mwenza wa uzito wa gunia ni mvuto wa gunia juu ya dunia. Mwenza wa msukumo wa ubao ni gunia kuukandamiza ubao.

Darasani tumia mizani mbili za springi za aina moja, za nyutoni 10 au 20. Zilaze mezani kwanza, ndipo urekebishe sifuri: zimepimwa zikiwa zinaning'inia, kwa hiyo ukizilaza mshale husoma pungufu kidogo. Ukisahau hatua hii, zitatofautiana na darasa litasema Newton kakosea. Zishikanishe kwa kulabu zao, mwanafunzi mmoja avute, mwengine ashikilie tu bila kuvuta. Zitasoma sawa. Kama mizani imeandikwa gramu, nyutoni 1 ni karibu gramu 102. Baadaye funga moja kwenye mguu wa meza na urudie. Mizani ya meza nayo itasoma sawasawa na ya mkono.