Si lazima uwe na mkanda mweusi kwanza

Barazani Mkunguni, hapa Lamu, kijana akisema anataka kwenda Asia kujifunza judo au karate, hakosi wa kumkatiza: "Pata mkanda mweusi kwanza, huko watakuvunja!" Imani hii ni ya tangu enzi za kanda za video, na haina msingi.

Kodokan ya Tokyo, shule aliyoianzisha Jigoro Kano mwaka 1882 na ndiko judo ilikozaliwa, ina madarasa ya wasiojua lolote. Anayeanza judo hafundishwi kwanza kumwangusha mtu, bali kuanguka yeye mwenyewe: kidevu kifuani, kiganja na mkono vikiupiga mkeka kupunguza kishindo. Hurudiwa mpaka ichoshe. Kambi nyingi za ndondi za Thailand, za ngumi na mateke, nazo hupokea wageni wasiojua hata kukunja ngumi. Mwalimu hushika pedi, wewe unapiga teke. Kupanda ulingoni ni habari nyingine, wala si sharti.

Kinachowakwamisha wengi ni nauli, viza na pumzi. Pumzi angalau ni ya bure: maji yakikupwa, mchanga wa Shela unatosha kukimbilia.